Kwa nini dawa za saratani hunyonyoa nywele

Dada, umeuliza kwa nini shangazi yako, aliyeanza dawa pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ananyonyoka nywele ilhali ugonjwa uko kwenye titi. Pole sana kwa kuuguza. Jibu limo katika namna seli zinavyoongezeka. Seli inayojiandaa kugawanyika hukua kwanza, kisha hunakili vinasaba vyote vilivyomo katika kromosomu zake 46, na mwishowe hujigawa sehemu mbili, kila moja ikiwa na nakala kamili. Mwili wenye afya huidhibiti kazi hiyo: ngozi ikichanika, seli za kandokando hugawanyika hadi jeraha lizibe, kisha hutulia. Seli za saratani hazitulii. Huendelea kugawanyika hata pale mwili usipozihitaji.

Dawa nyingi za kemotherapi, yaani tiba ya kuua seli za saratani kwa kemikali, hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, lakini haziwezi kuzitofautisha vizuri seli mbovu na seli njema zenye kasi hiyo, zikiwamo za mashina ya nywele, ambazo kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha, za utando wa kinywa na utumbo, na za uloto, ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Hizo za uloto ndizo ningependa uzizingatie zaidi. Chembe nyeupe za damu zikipungua, mwili hukosa kinga, na ndiyo maana madaktari hupima damu kabla ya kila mzunguko wa dawa. Kwa hiyo shangazi akipata homa, hata iwe usiku, msingoje kupambazuke wala msimpe dawa za dukani. Mpelekeni hospitali mara moja.