Muulize Babu Fundi: Nani aliyefundisha chuma kuvuta ngozi?

SWALI: Shikamoo Babu. Baba yangu ni fundi viatu hapa Morogoro. Juzi alisema kuwa viatu vya dukani vilishuka bei kwa sababu ya mashine ya mtu mweusi aliyeishi Marekani zamani. Wenzake kibandani wakamcheka mpaka akanyamaza. Je, ni kweli? Na huyo mtu alitajirika?
Binti wa fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao waliocheka wamnunulie baba yako chai.

Mtu huyo ni Jan Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852. Alianza karakana akiwa mtoto wa miaka 10, akapanda meli akiwa na 19, na mwishoni mwa miaka ya 1870 akawa Lynn, Massachusetts, mji ulioishi kwa viatu. Kiingereza alikuwa anakiokoteza tu.

Wakati huo mashine za Lynn zilishakata ngozi na kushona soli. Kilichobaki mikononi ni ile kazi inayomuuma baba yako vidole: kuvika ngozi ya juu kwenye kalibu, lile gogo lenye sura ya mguu, kuivuta kwa koleo, kuikunjia chini na kuipiga misumari. Ubavuni si tatizo. Tatizo ni puani, ngozi inapozunguka na kujaa. Mimi nilipokuwa mwanagenzi, fundi wangu alininyima pua za viatu mwaka mzima. Ya kwanza niliyopewa ilitoka na makunyanzi kama goti la tembo, nikaifumua mara tatu, misumari imenijaa mdomoni na fundi hasemi kitu.

Basi mafundi wa kazi hiyo ndio waliokuwa mabwana wa Lynn. Fundi hodari alimaliza kama jozi 50 kwa siku. Wao wakikaa, kiwanda kizima kinakaa. Walijigamba kuwa hakuna chuma kitakachowapokonya kazi. Matzeliger, aliyekuwa akiendesha mashine ya kushona soli, aliwatazama mikono mchana, na usiku akaiga mwendo wa vidole vyao kwa waya na mbao za makasha ya sigara. Alikula uji wa mahindi ili abakishe senti za kununulia vyuma.

Mchoro wake ulikuwa mgumu hivi kwamba ofisi ya hataza, ile hati inayolinda haki ya mvumbuzi, ilimtuma mtu Lynn akaione mashine yenyewe. Hataza ikatoka tarehe 20 Machi 1883. Mashine ilishika ngozi, ikavuta, ikakunja, ikagonga msumari, ikasogeza kiatu. Ilipokamilika ilifikisha jozi 150 hadi 700 kwa siku, na bei ya viatu ikashuka karibu nusu.

Utajiri? Hapo pananiudhi. Ili apate mtaji alikuwa ameshawaachia wafadhili wawili thuluthi mbili ya haki zake, na baadaye akauza hataza akalipwa kwa hisa. Kifua kikuu kikamchukua Agosti 1889, hajafika hata miaka 37. Miaka 10 baadaye kampuni iliyoshika mashine hizo iliunganishwa na nyingine kuwa moja kubwa, United Shoe Machinery, ambayo haikuuza mashine zake, ilizikodisha. Mwenye kiwanda akalipa, akaendelea kulipa. Fedha nene ilikuwa huko.

Hisa nyingine aliziachia kanisa la North Congregational la Lynn. Makanisa mengine ya mjini yalikuwa yamemfungia mlango kwa rangi yake, hilo likampokea, akafundisha watoto shule ya Jumapili. Hisa zile ndizo zilizokuja kulilipia kanisa deni.

Baba akifumua kiatu cha ngozi, mwombe akuonyeshe chini ya pua, kati ya soli mbili. Utaona ngozi imekunjwa vikunjo vidogo vidogo kama upindo wa gauni. Vihesabu, kisha mwambie yeye ajaribu kwa mkono.