Mikumi na watoto kwenye hema, wanyama usiku inakuwaje?

Mkuu uliyeuliza kama unaweza kulala hifadhi ya Mikumi kwenye hema na watoto wakati kambi haina fensi, mimi nimelala hapo na wife na madogo, inawezekana vizuri tu ila cha kwanza ni chakula. Chakula hakilali kwenye hema, iwe pipi, ganda la ndizi au uji wa mtoto, vyote viingie kwenye gari na vioo vya gari vifungwe. Waliotusumbua sisi sio simba ni nyani. Dume lilishuka mtini mchana kweupe likabeba mkate mezani, likakaa hapo pembeni, likachana nailoni taratiiibu na kula slesi mojamoja huku linatukazia macho, mdogo analia mama yake hana mbavu.

Usiku sasa ndo utamu ulipo. Tembo walipita nyuma ya hema na nyayo zao huwezi kuzisikia kabisa, unachosikia ni majani yanang'olewa na matumbo yanavyonguruma. Watoto waambie mapema, giza likiingia hakuna kutoka, zipu mpaka mwisho, haja ndogo kwenye ndoo, na viatu vilale ndani maana fisi hachagui anabeba.

Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi acheni home, mbung'o wanazipenda hizo balaa, vaeni kaki.

Kuangalia wanyama amkeni alfajiri muelekee uwanda wa Mkata humohumo hifadhini kabla jua halijawa kali, hasa Juni mpaka Oktoba nyasi zikiwa zimekauka na wanyama wanafuata maji. Wale wanaosema Mikumi wanaijua kwa sababu basi la Iringa linakatiza hifadhini kama kilomita 50 hivi, hao wameona swala na twiga wa dirishani tu, bwawa la viboko hawalijui. Na usikimbizane na simba siku nzima, watoto wanachoka, wangu walikaa bwawani wanasubiri kiboko apige mwayo mpaka nikawavuta kwa nguvu.

Malipo getini sio keshi, beba kitambulisho cha NIDA ulipie bei ya wazawa, tofauti na wageni ni kubwa mno, na watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Gari ndogo kiangazi mnajikongoja ila masika usijaribu, ule udongo mweusi wa Mkata ukilowa hata Land Cruiser inakaa, na huruhusiwi kushuka ukaanza kutafuta wa kukusukuma.