Bibi wa Samaki anajibu: Mayai ya samaki wa madimbwi hayataki haraka

SWALI: Shikamoo bibi. Mvua zilizopita nilivua dimbwini, upande wa Bahi, samaki wadogo wenye rangi nzuri, dume mmoja na majike wawili. Walitaga kwenye vumbi la makumbi ya nazi. Nikalikausha, nikalifunga mfukoni, na baada ya mwezi nikatia maji. Vifaranga wachache walitoka, ila wengi wanaburuta tumbo chini. Walioogelea niliwapa kiini cha yai la kuku, nao wakafa. Nakosea wapi?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Umewaamsha mapema. Kwa maelezo yako hao ni jamaa ya Nothobranchius. Dimbwi lao hukauka kila mwaka nao hufa, yakabaki mayai ndani ya tope yakisubiri mvua. Kwa wale wa Unguja, aina iitwayo guentheri, wafugaji huhesabu kama miezi mitatu. Wa kwetu Dodoma wape muda zaidi, maana kiangazi cha huku ni kirefu.

Likamue vumbi kwa kitambaa mpaka ukilibana kiganjani lishikamane bila kudondosha tone. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni, andika tarehe, uweke kabatini. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha mayai, kwa hiyo usiuache sakafuni. Baada ya miezi mitatu anza kuchungulia: chukua vumbi kidogo, litandaze kwenye sahani nyeupe, tazama kwa lenzi. Yai ni kama milimita moja tu. Likiwa angavu, bila kitu ndani, rudisha mfukoni. Likiwa tayari utaona kifaranga amejikunja akajaza gamba lote, na macho mawili meusi yenye pete ya dhahabu. Nikiiona pete ile huwaita wote waliomo nyumbani waje waangalie.

Hapo ndipo utie maji. Maji ya bomba yalale kwanza usiku mzima, yawe ya ubaridi kidogo, na kina cha vidole vitatu, basi. Kifaranga akishatoka hupanda juu kumeza hewa ajaze kifuko kilichomo tumboni. Asipoweza, ndiye huyo unayemwona akiburuta tumbo, na hapo huna la kumsaidia. Wengi hutoka kati ya saa chache na siku moja.

Vumbi lile usilitupe! Likaushe tena, ulifunge, na wiki kadhaa baadaye ulitie maji upya. Mkulima wa Dodoma anajua mvua ya Novemba inavyodanganya. Samaki hawa nao hawatoi watoto wote kwa mvua moja.

Kiini cha yai achana nacho, kinaozesha maji usiku mmoja. Vifaranga hawa tangu siku ya kwanza wanamudu artemia, vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, walioanguliwa karibuni. Angua mayai ya artemia kwenye maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa lita, pampu ya hewa ikifanya kazi. Baada ya siku moja au moja na nusu wako tayari. Wachuje, uwasuuze chumvi, uwape vifaranga asubuhi na jioni. Aliyeshiba utamjua: tumbo hugeuka rangi ya chungwa. Kila siku punguza maji kidogo, uongeze mapya.

SWALI: Bibi, samaki wangu wa tangini, gapi, wamezaana mno. Naweza kuwamwaga kwenye madimbwi wale viluwiluwi vya mbu?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Hapana, mwanangu, nakuomba sana. Gapi asili yake ni Amerika ya Kusini, na akipata maji yasiyokauka hakai kimya: anazaana, anawanyang'anya wenyeji chakula na kula watoto wao. Viluwiluwi vya mbu, samaki wenyeji wa madimbwi wanavila wenyewe. Wagawie majirani wenye matangi, au tenganisha madume na majike. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu za dume na kuzaa tena kwa miezi kadhaa, kwa hiyo watenge wangali wadogo, dume anapoanza tu kuota lile pezi jembamba chini ya tumbo.