Acheni Kuyanyamazisha Maonyo ya Python 3.12

Wadogo zangu, kila tukipandisha toleo ni yaleyale. Majaribio yanajaa maonyo, mtu anaweka "ignore" kwenye mipangilio, anakomiti, analala usingizi wa pono. Haya, sikilizeni.

1. Yaone yote kwanza. Python huficha DeprecationWarning (onyo kwamba kitu kimepitwa na wakati), isipokuwa iliyotoka kwenye __main__, yaani faili unaloliendesha moja kwa moja. Endesha majaribio kwa `pytest -W error::DeprecationWarning`. Kila onyo litageuka kosa lenye faili na mstari wake. Likitoka kwenye maktaba ya watu, pandisha toleo la maktaba hiyo. Usiguse site-packages, folda ya maktaba zilizosakinishwa. Mnajijua.

2. utcnow(), fanksheni ya kupata saa ya UTC, ambayo 3.12 inaitolea onyo. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Onyo linakwambia utumie `datetime.datetime.now(datetime.UTC)`, nawe unabadilisha faili zote kwa mkupuo mmoja. Kwanza, datetime.UTC ilianza 3.11, kama maktaba yako bado inahudumia 3.10, andika `timezone.utc`. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba utcnow() ilitoa saa kavu, yaani isiyo na ukanda wa saa, na hii mpya inao. Ikikutana na saa kavu iliyotoka kwenye hifadhidata, alama ya `<` inarusha TypeError. Afadhali hiyo, inapiga kelele. `==` inarudisha False kimyakimya. Halafu isoformat() inaongeza `+00:00`, na kama kuna mtu aliyekuwa akibandika "Z" kwa mkono, sasa unatuma `+00:00Z`, kitu kisicho sahihi. Majaribio hayashtuki, maana pande zote mbili za ulinganisho mlizitengeneza wenyewe kwa fanksheni ileile.

Kwa hiyo anza mipakani: saa inaingilia wapi, inatokea wapi? Hifadhidata, JSON, kashe. Usipoweza kumaliza leo, `datetime.now(timezone.utc).replace(tzinfo=None)` inakupa tabia ya zamani bila onyo. Na mkikuta `utcnow().timestamp()`, hiyo ilikuwa mbovu tangu zamani: timestamp() huichukulia saa kavu kuwa ya mashine ilipo, si ya UTC.

3. Maandishi yenye "\d" bila r mbele (yaani r"\d") sasa ni SyntaxWarning. Onyo hutoka faili inapokusanywa tu, kwa hiyo futa __pycache__, folda ya faili zilizokwisha kukusanywa, kabla ya kusema limeisha.

4. Ukitoa onyo lako mwenyewe kwa `warnings.warn`, weka `stacklevel=2`, ili lielekeze kwa aliyeita fanksheni yako. Bila hiyo linaelekeza ndani ya maktaba yako, na mtumiaji atadhani kosa ni lako. Mara nyingine hata hajakosea.