Moduli Ikilala, Ujue Nani Atakayeiamsha

Kuna siku niliingiza mstari mmoja kwenye manifesti (faili la maelezo) ya kila moduli ya mradi wetu, mstari unaoiambia moduli isiwake mpaka itakapohitajika, nikajiona bingwa:

Bundle-ActivationPolicy: lazy

Programu yetu ilijengwa juu ya OSGi, mfumo wa kugawa programu ya Java katika moduli, kwa Equinox, injini ile ile iliyomo ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004. Moduli zilipita mia, na zote zilikuwa zikiwashwa kwa pamoja. Ungeweza kuifungua, ukaenda kunywa maji, ukarudi ukaikuta bado inahangaika. Baada ya ule mstari, dirisha likawa linafunguka fasta. Wiki ya pili malalamiko yakaanza: mtu akibofya kitufe cha ripoti mara ya kwanza, skrini inaganda. Akibofya tena, mambo shwari.

Nilianza kwa kulaumu hifadhidata, kama kawaida yetu. Kisha nikapima kwa saa. Sekunde 5. Nikafunga, nikafungua upya, nikapima tena: 5 zile zile. Kazi halisi haichukui muda ule ule kila mara. Ukiona namba iliyonyooka hivyo, kuna mtu anasubiri mpaka achoke. Kwenye logi nikakuta Equinox inalalamika kwamba uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) umesubiri milisekunde 5000 ili uzi mwingine umalize kuwasha moduli, ukakata tamaa.

Moduli yenye mstari ule wa lazy ikishaanzishwa, haiwaki papo hapo. Inabaki kwenye hali ya STARTING, imelala jicho moja wazi, mpaka klasi yake ya kwanza ipakiwe. Hapo ndipo kiamshi chake, yaani klasi inayotekeleza BundleActivator, kinaitwa. Kusoma picha au faili jingine lililomo ndani yake hakuiamshi. Na kama hakuna aliyeianzisha kabisa, inabaki RESOLVED, yaani iko tayari ila haijaanzishwa, na mstari wako ni pambo tu. (Hilo lilinila jioni nzima. Ukiianzisha moduli mwenyewe kwa kuita start() yake, usisahau kuipa START_ACTIVATION_POLICY, la sivyo inawaka hapo hapo.)

Sasa kiamshi cha moduli yetu ya ripoti kilikuwa kinafanya kazi ya punda: kinafungua hifadhidata kwa kuanzisha uzi mpya, kisha kinausubiri umalize. Ule uzi mpya nao ulihitaji klasi ya moduli hiyo hiyo, ambayo bado ilikuwa inawashwa. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, na yote hayo kwenye uzi unaochora skrini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usifanye kazi nzito ndani ya start() ya kiamshi. Kama unaweza, futa kiamshi kabisa, kazi yake uihamishie kwenye komponenti za Declarative Services, sehemu ya OSGi inayounda na kuunganisha huduma kwa niaba yako. Komponenti inayotoa huduma, usipoiwekea immediate (agizo la kuiunda papo hapo), huwa haiundwi mapema: huduma inasajiliwa, lakini kitu chenyewe kinaundwa pale mtu anapoiomba. Naupenda uvivu huu kuliko ule wa manifesti, kwa sababu anayeamsha anajulikana. Klasi inaweza kupakiwa na yeyote, hata na mstari wa msimbo ambao hukuufikiria.

Ila nao una kisirani chake. Mtumiaji wa mwisho akiirudisha huduma, komponenti inaweza kubomolewa, kisha ikajengwa upya mtu akiiomba tena. Kama kuijenga ni ghali, utaumia. Kwenye Felix, injini nyingine ya OSGi, kuna mpangilio wa ds.delayed.keepInstances unaozuia hilo. Mimi huwa naacha komponenti moja ya kudumu iishikilie.

Vitu vinavyosikiliza mlango wa mtandao, au vinavyofanya kazi kwa ratiba, usivilaze. Hakuna atakayepita kuviamsha. Na kwenye majaribio, amsha kila kitu kwa makusudi, maana kosa la mpangilio ndani ya moduli iliyolala halionekani mpaka mtumiaji abofye.

Moduli ya ripoti sasa haina kiamshi. Kubofya mara ya kwanza bado kuna kigugumizi kidogo, kwa kuwa hifadhidata lazima ifunguliwe wakati fulani, lakini inafunguliwa kwenye uzi wa pembeni na skrini inaendelea kuitika.