Jibu: Ukigonga pedi, sauti inachelewa

Ndugu yangu wa Isevya, umeuliza kwa nini ukigonga pedi ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta ngoma inasikika nyuma ya kidole, na kama ununue nyingine. Usinunue. Pedi yenyewe haina sauti. Inatuma namba tu kwenye kompyuta: noti ipi, na umegonga kwa nguvu gani, kuanzia 1 hadi 127. Sauti inatoka kwenye programu, na hapo ndipo inapochelewa. Fungua mipangilio ya sauti ya programu hiyo, tafuta bafa (buffer), yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa, kinachohesabiwa kwa sampuli, vipande vidogo sana vya sauti. Ukikuta 1024, ishushe hadi 128; kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kusubiri kunapungua kutoka milisekunde 23 hivi hadi 3. Sauti ikianza kukwaruza, panda 256. Kama unatumia Windows, hakikisha umechagua draiva ya ASIO, inayopitisha sauti bila kuichelewesha sana.

Mimi hapa Kanyenye nilirekodi manyanga kwa simu, usiku mtaa ukiwa umetulia, nikayakata vipande vinne na kuviweka kwenye pedi za chini. Cha kwanza kizito, vitatu vyepesi. Utamu wake! Ila usiyanyooshe mpaka mwisho kwa kwantaizi, ile amri inayosogeza kila pigo likae sawasawa kwenye mdundo. Acha yayumbe kidogo, kama mkono wa mpigaji. Ukishabadilisha bafa niambie umesikia nini.