Barua kwa Mwanangu: Mabao ya Julius Hirsch

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: huyo Julius Hirsch, ambaye shirikisho la soka la Ujerumani hutoa tuzo kwa jina lake tangu mwaka 2005, alikuwa mchezaji hodari kweli, au anakumbukwa kwa kifo chake tu?

Alikuwa hodari, na ningependa uanzie hapo. Alizaliwa Achern mwaka 1892 katika familia ya Kiyahudi, akajiunga na Karlsruher FV akiwa na miaka 10, na mwaka 1910, akicheza winga ya kushoto, akawa bingwa wa Ujerumani pamoja na klabu hiyo. Tarehe 24 Machi 1912, mjini Zwolle, Ujerumani ilitoka sare ya 5-5 na Uholanzi, na mabao 4 kati ya hayo matano aliyafunga yeye. Hakuna Mjerumani aliyekuwa amefanya hivyo katika mechi ya timu ya taifa. Bahati yake mbaya ni kwamba Julai ya mwaka uleule, kwenye Olimpiki ya Stockholm, Gottfried Fuchs, Myahudi mwenzake wa klabu ileile, aliwafunga Warusi mabao 10 peke yake! Hirsch alitwaa ubingwa tena mwaka 1914 akiwa na SpVgg Fürth, kisha akaenda vitani, akarudi na nishani. Nduguye Leopold aliuawa huko.

Aprili 1933 alisoma gazetini kwamba klabu kubwa za kusini, Karlsruher FV yake ikiwemo, zimeazimia kuwaondoa Wayahudi. Hakungoja kufukuzwa. Aliiandikia klabu kwamba anajitoa kwa uchungu, akaikumbusha kuwa ni mwanachama tangu 1902, na kwamba wako Wayahudi waliomwaga damu yao kwa ajili ya Ujerumani.

Machi 1943 alisafirishwa kwa treni kwenda Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuwaangamiza Wayahudi. Njiani, kutoka Dortmund, aliwapelekea wanawe kadi ya kusema kwamba hajambo, na hawakupata nyingine.

Nawe usishangae kwamba mabao yake huyasikii. Mwaka 1939 jarida la Kicker lilitoa albamu ya picha za wachezaji wote wa timu ya taifa. Hirsch na Fuchs hawakuwekwa.

Wasalaam,
Baba yako